Ajali Haina Kinga, Lakini Ujinga Unayo

KILA tupatapo habari ya kijana aliyeuawa na pikipiki, maneno ya barazani huwa ni yale yale. Mzee mmoja hutikisa kichwa akasema, "Siku zake zilikuwa zimetimia." Wa pili humwitikia, "Ndiyo, ajali haina kinga." Fatiha husomwa, kahawa hupitishwa, na mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine. Haupiti muda, nduguye marehemu huonekana juu ya pikipiki ya namna ile ile, kichwa wazi, akipita mbio mbele ya baraza hiyo hiyo.

Hatusemi kuwa wazee wetu wamekosea. Lakini neno hili "ajali" tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni muda aliowekewa mja, yaani siku yake ya kuondoka duniani. Sisi tumelitwaa tukalipa maana ya pili: vyombo kugongana njiani. Basi tunaposema kuwa ajali haina kinga, twachanganya mambo mawili kwa neno moja. Muda wa mtu uko kwa Mola wake. Kugongana kwa vyombo kuna sababu zake, na sababu hizo zimo mikononi mwetu.

Haya twayasema kwa ajili ya pikipiki kubwa ambazo vijana wetu wamezipenda. Pikipiki ya bodaboda tunaijua. Injini yake aghalabu ni ya cc 100 hadi 150, na nguvu zake ni kama za farasi 10 au 13 hivi. Ile ya mbio ya cc 1,000 ina nguvu zinazokaribia farasi 200, na uzito wake ni kama kilo 200. Ikitiwa mafuta kwa ghafula, hutoka kusimama hata mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwa muda wa sekunde tatu hivi. Mtu hawahi hata kumaliza bismillahi.

WALIOZIUNDA WALIZIWEKEA MIPAKA

Pikipiki hizi hazikuzuka jana. Mwaka 1969 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki ya CB750, injini yake cc 736, nguvu zake farasi 67, na breki ya sahani gurudumu la mbele. Wakati ule ilikuwa ajabu ya dunia. Kampuni nyingine zikafuata kwa mashindano, na kila miaka ikipita nguvu zikazidi.

Wajapani wenyewe, walioziunda, hawakuziacha ziende ovyo nchini mwao. Tangu mwaka 1975 waliigawa leseni, na mtu aliyetaka kupanda pikipiki iliyozidi cc 400 ilimbidi afanye mtihani wa pekee, nao ulikuwa mgumu, wengi wakianguka tena na tena. Ilipofika mwaka 1996 ndipo shule za udereva ziliporuhusiwa kutoa mafunzo na mtihani wa pikipiki hizo kubwa.

Huko Ulaya nako, tangu mwaka 2013, wanachama wa Umoja wa Ulaya wanafuata ngazi. Kijana huanza na pikipiki ndogo ya cc 125, kisha hupanda kwenye ile ya wastani ambayo nguvu zake hazizidi farasi 47 hivi. Akikaa nayo miaka miwili na kufaulu, ndipo afunguliwe mlango wa pikipiki isiyo na mpaka wa nguvu. Asiyepitia ngazi hizo hana budi kungoja hata afike miaka 24, na bado mtihani unamngoja.

WALIJIFUNZA KWA NANI?

Yamkini msomaji atauliza: je, tatizo si mwendo wa kasi tu? Jawabu lake ni la kushangaza. Mwaka 1981 ulitolewa utafiti ulioongozwa na Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Wachunguzi wake walikwenda wenyewe mahali pa ajali 900 katika eneo la Los Angeles, wakachunguza vyombo na barabara na kuwahoji waliohusika. Tena wakapitia ripoti 3,600 za polisi.

Waliona kuwa mwendo wa kati wa pikipiki kabla ya kugongana ulikuwa kama kilomita 48 kwa saa, yaani mwendo wa mjini. Robo tatu hivi za ajali zile zilikuwa za kugongana na chombo kingine, aghalabu gari, na mara nyingi mwenye gari ndiye aliyeingia njia isiyokuwa haki yake. Zaidi ya nusu ya wapandaji walikuwa na uzoefu usiofika miezi mitano na pikipiki ile waliyoangukia. Na katika kila watu 100 walioanguka, 92 hawakufundishwa na mwalimu: walijifunza wenyewe, au walionyeshwa na jamaa na marafiki.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wengi wao hatari ilipotokea hawakujua la kufanya. Mtu akishtuka hukanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zake zote, na ile ya mbele, iliyo mkononi, akaisahau au akaiogopa. Kumbe chombo kinapozuiwa uzito wake hukimbilia mbele. Gurudumu la nyuma huwa jepesi, hukwama, likateleza. Na gurudumu la mbele, lenye uwezo mkubwa wa kusimamisha, halikutumiwa. Kuibana breki ya mbele polepole hata ishike, bila ya kuifumba kwa ghafula, ni kazi inayofundishwa, na mkono huizoea kwa kurudia mara nyingi uwanjani.

Kukata kona nako kuna siri yake. Kwenye mwendo wa kasi, anayetaka kwenda kushoto huusukuma mbele mpini wa kushoto, na pikipiki ikalala upande huo. Asiyefundishwa hufikiri ni kinyume, na siku anapotaka kukwepa huenda akajielekeza pale pale anapopakimbia.

Kasi nayo haina huruma. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa humla mtu mita 14 kwa sekunde moja, na ule wa 100 humla mita 28, kabla mkono haujagusa breki. Tena mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama kwa breki huzidi mara nne. Ndiyo maana pikipiki kubwa hailisamehi kosa ambalo ile ndogo huenda ikalisamehe.

DESTURI YETU WENYEWE

Jambo la kusikitisha ni kuwa sisi watu wa pwani si wageni wa elimu ya ngazi kwa ngazi. Mtoto wa chuoni huanza alifu kwa kijiti, akaja kwenye irabu, akaja kwenye juzuu ya Amma, na mwalimu yupo na kikoto chake. Baharini ilikuwa ni hivyo hivyo. Kijana aliingia jahazini kufua maji na kupika, akawa baharia, akashika usukani huku nahodha akimtazama, na miaka mingi ilipita kabla ya kukabidhiwa chombo chenye roho za watu na mali ya tajiri. Nani angempa jahazi mtoto aliyeona bahari juzi?

Lakini pikipiki ya mamilioni ya shilingi twamnunulia kijana, pengine kwa fedha za jasho la jamaa walioko Arabuni, naye hupewa ufunguo siku hiyo hiyo. Mwalimu wake ni rafiki yake, na skuli yake ni barabara ya Malindi usiku, au uwanja wa Idi, ambako hushangiliwa kwa kuinua gurudumu la mbele. Huo si ustadi. Mwenye ustadi hujulikana kwa kuiona hatari mapema, asije akahitaji ushujaa.

Sheria ya Kenya nayo imeacha pengo. Leseni yetu huitenga pikipiki ndogo ya cc 50 na hizi nyingine, na huitenga ile ya kubebea abiria, lakini haina ngazi za nguvu kama za Ulaya. Aliyefuzu kwa pikipiki ya cc 125 leo aweza kupanda ya cc 1,000 kesho. Hata hivyo sheria tuliyo nayo hatuitimizi. Tangu mwaka 2012 mpandaji na abiria wake wamelazimishwa kuvaa kofia ngumu na koti la kung'aa. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42. Lakini siku ya Ijumaa wengi wetu huchelea kuiharibu kofia ya viua. Kofia ya viua hukunjwa ikatiwa mfukoni. Fuvu la kichwa halikunjiki. Na kanzu au buibui, lisipokusanywa vizuri, hulishwa mnyororo.

Yafaa basi wazazi wasitoe fedha ya pikipiki kubwa bila ya kutoa fedha ya mwalimu. Wauzaji nao wamuulize mnunuzi amepanda nini kabla ya hii, na Serikali ifikirie leseni ya ngazi.

Bedui mmoja alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake na kutawakali. Akaambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Ngamia wa leo ana nguvu za farasi 200. Basi siku nyingine tukiambiwa barazani kuwa ajali haina kinga, tuitikie kuwa ni kweli, kisha tuulize: huyu kijana alifundishwa na nani?