Usawa Si Haki Daima



Juma lililopita kijana mmoja wa parokia, anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza, alituuliza tofauti kati ya “equality”, “equity” na “justice”. Tulimjibu kwa ufupi, lakini swali lake halikutuacha.

Maneno mawili ya kwanza ni ndugu: yote yametokana na neno la Kilatini “aequus”, yaani tambarare au sawa. Hata hivyo, yameachana njia. “Equality” hupima wote kwa kipimo kimoja. “Equity” humtazama kwanza mtu na hali yake, ndipo hupima. “Justice” ni haki yenyewe, ambayo Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliifundisha kuwa nia thabiti na ya kudumu ya kumpa kila mtu kilicho chake.

Je, yanatuhusu nini sisi waamini? Mwaka jana tuliidhinisha mchango wa ujenzi, kila kaya kiasi kilekile. Kwa kuwa ulikuwa sawa, tuliuona wa haki. Kumbe mjane mmoja anayeishi kwa kuuza mchicha aliacha kuhudhuria jumuiya, si kwa kupungukiwa imani, bali kwa aibu ya kusikia jina lake likisomwa kila juma miongoni mwa wadaiwa. Tulikiri mbele yake kwamba tulikosea. Tulishika usawa, tukaupa jina la haki.

Kanuni ya mwisho ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, namba 1752, inaagiza kuzingatia “equity” ya kikanisa na kukumbuka kuwa wokovu wa roho ndiyo sheria kuu. Ikiwa sheria yenyewe inahitimishwa hivyo, daftari la michango lina nguvu gani ya kumfukuza mtu?

Wapo wanaohofu kwamba kiwango kikiondolewa, wenye uwezo watajificha. Hofu hiyo ina msingi. Lakini ni heri tajiri atudanganye kuliko maskini atukimbie. Yule mjane wa Injili alitoa senti mbili, na Bwana akamsifu. Hatusomi popote kwamba aliwekewa kiwango.

Basi, kila kaya na iahidi kadiri ya uwezo wake, kwa siri, na majina yasisomwe tena.

Tunawatakia Dominika njema.