Springi za Gari: Pima Mzigo Kabla ya Kufungua Mfuko

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo yahusu vyombo vya baharini, lakini yafaa vilevile kwa gari linalopita juu ya mawe na makorongo huku watoto wamelala kiti cha nyuma. Chini yao kuna vyuma vinavyofanya kazi usiku na mchana, navyo havikumbukwi mpaka siku vinapolia. Wiki hii tutazame vyuma hivyo, yaani springi na shokomzoba, na lile swali ambalo limewaingia wengi wenye magari ya porini: je, tuvitoe vilivyotoka kiwandani na kutia vingine vyenye nguvu zaidi?

Tuseme wewe ni mkazi wa Magogoni, kule Kisauni. Una Prado ya mtumba iliyoteremshwa Kilindini miaka michache iliyopita. Shule zinafungwa mwisho wa mwaka, nawe umewaahidi watoto safari: kutoka Kisauni hadi Malindi, kisha kuingia mbuga ya Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, mkapige hema njiani, na hatimaye mtokee Voi. Umepeleka gari gereji, na fundi amechungulia chini akatikisa kichwa. "Mzee, hizi springi za kiwandani ni za lami tu. Hazitafika." Kijana wako mkubwa naye ana picha tele za magari yaliyoinuliwa juu kama ngamia. Bei uliyotajiwa inakaribia karo ya muhula wa kwanza. Mama watoto anauliza swali moja tu: je, ni lazima?

Swali hilo ndilo nitakalolijibu. Kwa nyumba nyingi, si lazima. Zipo nyumba ambazo kwao ni lazima, na kuzitenganisha hizo mbili hakuhitaji maneno ya fundi wala picha za kijana. Kunahitaji kalamu, karatasi, na kipimo cha futi cha fundi cherehani.

Kwanza tujue nani hufanya kazi gani. Springi ni hamali; kazi yake ni kubeba gunia. Inaweza kuwa ya majani, yale mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine kama zilivyo za nyuma katika Hilux, au ya duara iliyojisokota kama zilizo katika Prado na Suzuki Jimny. Shokomzoba, ule mrija wenye mafuta ndani, haibebi gunia. Kazi yake ni kumzuia hamali asicheze ngoma akiwa na gunia mgongoni. Kila springi inapobonyea na kuinuka, mafuta ndani ya mrija hulazimishwa kupita katika matundu madogo, na nguvu ya ule mruko hugeuka joto. Bila shokomzoba, gari likipiga shimo moja lingeendelea kunesanesa hadi shimo la pili.

Ukishalijua hilo, unaweza kusoma ugonjwa wa gari lako mwenyewe. Likinepa upande wa nyuma baada ya kupakiwa, tatizo ni springi, au mzigo umezidi. Likidunda zaidi ya mara moja baada ya tuta, au mrija ukionekana umelowa mafuta yanayotiririka, tatizo ni shokomzoba. Likigongagonga chini kila linapopita kwenye jiwe, kagua kwanza bushi, zile raba zinazoshika maungio, ambazo bei yake ni ndogo ukilinganisha na vyuma vyenyewe. Watu wengi hununua springi mpya kutibu bushi zilizokufa. Tena kumbuka kwamba sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa gari lenye umri wa hadi miaka 8. Gari la namna hiyo laweza kuwa bado limevaa shokomzoba lilizozaliwa nazo. Ukilihukumu kwa hali hiyo, unahukumu uchovu wake tu, bado hujaijua kazi ya kiwandani ilivyokuwa. Rudisha kwanza kilichochakaa, kisha uulize kama hakitoshi.

Sasa shika kalamu tuandike mzigo. Baba kilo 80, mama 70, vijana wawili 110, mdogo wao 30. Hao ni watu wa kilo 290. Maji lita 60 ni kilo 60, kwa maana lita moja ya maji ni kilo moja. Dizeli ya akiba, jerikani mbili za lita 20, ni kama kilo 34. Tairi la pili la akiba, kilo 35. Hema, magodoro na mikeka, 50. Chakula, masufuria na mtungi wa gesi, 60. Jeki, pampu na spana, 30. Mikoba ya nguo, 50. Keria ya juu yenyewe, 40. Jumlisha: kilo 649, na bado hujapakia mkaa wala madafu ya njiani.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika hati za gari la abiria lililotoka Japani, utaona uzito wa gari tupu na uzito wa jumla. Usifurahie tofauti iliyopo kati ya hizo mbili. Wajapani huhesabu kila abiria kuwa kilo 55, basi. Gari la watu 7 hupata kilo 385, na hesabu hiyo haikuweka hata kikapu kimoja. Mpaka hasa wa mzigo ni ule uliowekwa na mtengenezaji, nao hutafutwa katika kitabu cha maelezo ya gari au kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Humo pia mna kiasi kinachoruhusiwa kuwekwa juu ya paa, ambacho aghalabu ni kidogo kuliko unavyodhani.

Jambo la pili ni zito zaidi. Springi nene haziongezi mpaka huo. Zitaliinua gari lisinepe, nawe utaona limesimama wima ukadhani limepata nguvu mpya. La hasha! Breki ni zilezile, ekseli ni ileile, chasisi ni ileile. Gari lililonepa hukuonya kwa macho kwamba umezidisha. Lililofungwa springi nene hukunyamazia, na siku ya kuteremka mlima ndipo breki zitakapokueleza. Kwa hiyo, kama karatasi yako imepita mpaka, dawa ni kupunguza mzigo. Je, safari hii yahitaji lita 60 za maji ilhali ukitokea Voi utakuta maduka? Tairi la pili la akiba ni la nini kwa siku tano? Ukishapunguza, vitu vizito viweke chini, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na jerikani zisipande juu ya paa.

Ukifika hapo, toa ule utepe wa fundi cherehani. Simamisha gari tupu mahali tambarare, pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi uliopo juu yake, uandike namba nne. Kisha pakia mzigo wote, watu wakiwa ndani, upime tena. Likishuka kiasi na likabaki karibu sawa mbele na nyuma, huna haja ya springi mpya. Likishuka sana nyuma na pua ikaelekea mbinguni, una jambo la kushughulikia. Usukani utakuwa mwepesi, na taa zako zitamulika macho ya madereva wa matrela usiku kwenye barabara ya Malindi. Hilo si suala la starehe tena, ni la uhai.

Kuna wanaosema, "Hata kama sihitaji, nguvu ikizidi si hasara." Waulize manahodha. Jahazi likiwa tupu hutiwa farumi, yale mawe ya uzito, kwa sababu chombo kilichoundwa kubeba shehena hakitulii bila shehena. Gari nalo ni hivyo. Springi iliyokusudiwa kubeba kilo 400 daima, ukiipa mkoba wa shule na mboga za kutoka Kongowea, itakuwa ngumu kama ubao. Safari ya porini ni siku tano, labda kumi kwa mwaka. Siku zilizobaki ni za matuta na mashimo ya Kisauni, mama mjamzito akipelekwa kliniki, bibi akipelekwa kutazamwa mgongo. Hao ndio watakaolipa gharama ya nguvu isiyokuwa na kazi.

Na kimo je? Kuinua gari husaidia tumbo lisikwaruze mawe, ni kweli. Lakini huinua pia kitovu cha uzito, na gari refu hupinduka upesi kuliko fupi. Ukiinua kupita kiasi, hata pembe za magurudumu na za propela hubadilika, vitu vingine vikaanza kulika. Wazee wetu wanaikumbuka Peugeot 504, teksi ya masafa marefu ya enzi zake. Haikuwa ndefu wala ngumu. Springi zake zilikuwa laini na zenye mwendo mrefu wa kupanda na kushuka, nayo ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Ulaini wenye adabu ulishinda ugumu. Yale magari ya ajabu ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia ua wa msitu wa Aberdare, ni habari nyingine. Yameundwa kupita mahali pasipo njia kwa siku moja, na yakivunjika timu nzima i tayari. Wewe timu yako ni mama na watoto watatu.

Kabla hujalipa chochote, jaribu dawa mbili zisizo na gharama kubwa. Ya kwanza ni upepo wa tairi. Katika barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati la kuezekea, ukishusha geji kutoka 35 hadi karibu 28, tairi lenyewe linakuwa springi ya ziada. Sharti upunguze na mwendo, tena uwe na pampu ya kurudisha upepo ufikapo kwenye lami. Ya pili ni mwendo wenyewe. Ndani ya mbuga zetu mpaka ni kilomita 40 kwa saa. Ukiutii, springi za kiwandani hazitaona ajabu. Ukikimbia kwenye mawimbi, mafuta ndani ya shokomzoba huchemka na kutoa povu, mrija ukapoteza kazi, na hata zile za bei kali zina kikomo chake. Simama, wape watoto maji, vyuma vipoe.

Nani basi abadilishe? Abadilishe yule ambaye mzigo wake ni wa kila siku: mwenye pikapu ya biashara, mwenye gari la kuwatembeza watalii, au aliyefunga keria, bampa ya chuma na winchi visivyotoka. Abadilishe pia anayeelekea Marsabit, jangwa la Chalbi na Ziwa Turkana kwa majuma kadhaa, na maji na dizeli vya kumtosha, mahali ambapo spea haipatikani kwa kupiga mluzi. Hata hao, mzigo uwe ndani ya mpaka wa mtengenezaji. Huyo wa Magogoni na siku zake tano za Tsavo, shokomzoba nzima za kipimo cha kiwandani na bushi mpya zatosha kabisa.

Ukiwa miongoni mwa wanaohitaji, nunua kwa akili. Mwambie muuzaji kilo ulizoandika, kwa maana springi huchaguliwa kwa uzito. Anayekuuzia kwa inchi za kimo tu, muage. Badilisha mbili mbili, kushoto na kulia, na shokomzoba zilingane na springi zake. Kipande kinachowekwa juu au chini ya springi ya duara huinua gari lakini hakiongezi nguvu ya kubeba hata kilo moja. Kuongeza jani moja kwenye springi za majani ni njia ya bei nafuu, ila jani hilo lifanane na mengine, la sivyo litabeba peke yake na kuvunjika peke yake. Baada ya kufunga, pima mlingano wa magurudumu, na bolti zikazwe tena baada ya kilomita mia chache. Iarifu kampuni ya bima kwa maandishi. Pakia mzigo wote, nenda Kilifi na kurudi kabla ya siku ya safari. Na kwa kuwa tunaishi na hewa ya chumvi, osha chini ya gari kwa maji baridi kila utokapo ufukweni, maana kutu hula springi ya bei ghali kama ilavyo ya bei rahisi.

Wahenga wakasema tena, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Fundi hataubeba mzigo wako, wala yule wa kwenye picha. Kwa hiyo, mama watoto akiuliza tena kama ni lazima, usimjibu kwa kinywa. Mpe ile karatasi yenye kilo na zile namba nne, msome pamoja. Ikisema hapana, Januari itawakuta na karo mkononi na watoto wameona ndovu.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia safari njema.