Umefika Ukurasa wa Ngapi?

Ndugu msomaji, ukikutana na rafiki yako barazani humwuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na mpira nao hausahauliki. Ni lini ulimwuliza anasoma kitabu gani wiki hii, na amefika ukurasa wa ngapi? Wapenzi wa vitabu miongoni mwetu si wachache kama inavyodhaniwa. Kasoro ni kwamba kila mmoja anasoma peke yake chumbani, kama mtu anayekula kwa kujificha.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa hivyo. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, hakuutia mitamboni ukapigwa chapa. Utendi ule ulitufikia kwa kunakiliwa. Mwenye nakala alikubali itoke nyumbani kwake, naye aliyeiazima akakaa chini na kalamu, akaandika ubeti baada ya ubeti kwa hati za Kiarabu. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi kwa mkono wake, na baadhi ya miswada yake imehifadhiwa mpaka leo. Kama wenye nakala za kwanza wangalizifungia kabatini kwa hofu ya kupotelewa, tungalipotelewa sote.

Sisi kinachotufunga midomo, naamini, ni haya. Shuleni tulizoea kwamba kitabu huzungumzwa baada ya kumalizwa, tena kwa ajili ya mtihani. Basi mtu mzima akiwa katikati ya riwaya hathubutu kuitaja, asije akaulizwa jambo asilolijua. Mimi mwenyewe nilianza Nagona ya Euphrase Kezilahabi mara mbili. Ni kijitabu chembamba kilichotoka mwaka 1990, nami niliyekwisha kusoma Rosa Mistika kwa siku chache nilidhani nitakimaliza upesi. Sikufika mbali. Nikakirudisha kwenye rundo, na kwa miaka mingi kila kilipotajwa nilinyamaza.

Siku moja jirani yangu, mama aliyestaafu ualimu, alisema mbele ya watu bila kusita kwamba anakisoma kitabu hicho na hajafika hata nusu. Alikuwa amekwama, kisha akaacha kutafuta kisa, akawa anasoma kwa sauti, polepole, kama asomavyo mashairi. Usiku ule nilikitoa rundoni. Tukawa tunaulizana kila jioni tumefika wapi, naye alinitangulia kumaliza kwa siku mbili. Je, ningaliupata wapi msaada ule, kama angalingoja mpaka amalize ndipo aseme?

Basi semeni, ndugu zangu. Semeni mkiwa katikati, semeni mlipokwama, semeni hata mliyoyachukia. Mwisho wa kisa tu ndio mumwachie mwenzenu aukute mwenyewe.

Sasa nije kwenye marundo. Apitaye mjini Dar es Salaam kwa wauzaji wanaotandaza vitabu vikuukuu kando ya njia, kama ni msomaji, ni nadra kurudi mikono mitupu. Sioni kosa kununua kabla ya kusoma, maana vitabu vya Kiswahili huadimika, na nakala uliyoiacha leo huenda usiione tena. Kosa ni kulificha rundo lako. Liweke sebuleni. Mgeni akitamani kitabu ambacho wewe hutakigusa kabla ya Ramadhani, mpe atangulie kukisoma, kisha akuhadithie alivyokiona.

Najua mtakavyonijibu, kwamba vitabu vikiazimwa havirudi. Ni kweli, nami nimeumia. Mzimu wa Watu wa Kale, ile riwaya ya Bwana Msa ya Muhammed Said Abdulla, ilitoka kwangu ikiwa na jalada lake la zamani na sijaiona tena. Lakini maktaba zetu huazimisha vitabu kwa watu zisiowajua hata kwa sura, kwa sababu kila kitabu kinachotoka kimeandikwa. Tununue daftari dogo: jina la kitabu, jina la mchukuaji, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Asiyerudisha asipewe kingine mpaka arudishe, hata awe ndugu wa tumbo moja.

Mimi nianze. Wiki hii nasoma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Yasmin ameshaikimbia nyumba ya mumewe, Bwana Raza, nami namhofia kama mwanangu. Juu ya rundo langu iko Siku Njema ya Ken Walibora, na chini yake Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iko kwa jirani yangu mwalimu mpaka mwisho wa mwezi, na jina lake limo daftarini. Anayeitaka baada yake aniambie mapema.