Umeme wa kijiji, pikipiki ya betri na hoja zinazorudiwa bila kupimwa

Mtu akipendekeza wananchi wa Tanzania wajizalishie umeme wao na kuutumia kwenye usafiri, hatakosa wa kumkatisha tamaa. Hoja ni zile zile, na baadhi zina ukweli ndani yake. Tuzipitie.

“Umeme ni kazi ya TANESCO, kijiji hakiuwezi.” Anayesema hivi hajafika Ludewa. Kule Mawengi kuna mtambo wa maji wa kilowati 300 hivi, uliojengwa kwa msaada wa shirika la Kiitalia la ACRA, na anayeuendesha si kampuni wala wizara bali LUMAMA, jumuiya ya watumiaji wenyewe. Sheria nayo haizuii: Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inaisamehe leseni miradi iliyo chini ya megawati 1. Hoja hii imekwisha.

“Ushirika utaliwa na wenyeviti.” Hapa siwezi kucheka. Mkulima wa pamba au kahawa aliyesubiri malipo ya pili hadi msimu mwingine anajua anachokisema, na kumbukumbu ya serikali kuvunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, kisha kuvirudisha kwa sheria ya 1982, haijafutika. Lakini umeme unatofautiana na pamba katika jambo moja kubwa: mteja hulipa kabla ya kutumia. Mita ya malipo ya awali huandika kila uniti iliyouzwa, na mita nyingine pale mtamboni huandika kila uniti iliyozalishwa. Zikilinganishwa mwisho wa mwezi mbele ya mkutano, pengo huonekana hata kwa asiyesoma mahesabu. Yako mambo mawili ya kung'ang'ania tangu siku ya kwanza: fundi alipwe mshahara badala ya kujitolea, na fedha ya vipuri iwekwe akaunti ambayo mwenyekiti peke yake hawezi kuigusa. Mtambo unaokosa beringi huzimika tu, hata kama wanachama wote ni waadilifu.

“Kijijini hakuna wateja.” Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, ila wanaoitoa huiachia njiani. Ni kweli: taa na televisheni huwaka jioni, kisha saa tano usiku kijiji kinalala na maji yanapita bila kazi. Sasa piga hesabu. Kilowati 100 zisizotumika kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni uniti 600. Betri moja ya pikipiki huhitaji uniti tatu hivi. Hata ukitoa upotevu, usiku mmoja unajaza betri zaidi ya 150. Mteja aliyekuwa akitafutwa ni dereva wa pikipiki aliyeko kijiweni, anasubiri abiria na ananunua petroli ya chupa.

“Betri itaniacha porini,” atajibu mwenyewe. Kigali na Nairobi jambo hili lilishapatiwa dawa: dereva anafungua kiti, anachomoa betri iliyokwisha, anaichomeka kwenye kabati la kuchajia, anachukua iliyojaa na kuondoka, yote kwa dakika chache. Betri si yake, kwa hiyo ikizeeka si hasara yake. Tatizo ni kwamba makabati hayo yamejazana mijini. Nje ya mji ni adimu, na hapo ndipo jumuiya yenye mtambo wake ina cha kuuza.

Kuhusu gharama, pikipiki ya petroli hunywa lita mbili hadi mbili na nusu kwa kilomita 100. Ya umeme hula uniti nne, tuseme tano ukihesabu kinachopotea kwenye chaja. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO ya shilingi 350 na kitu, hazifiki shilingi 2,000, ambazo hazinunui hata lita moja ya petroli. Mwenye kabati ataongeza kodi ya betri, naam, lakini nafasi ya kuongeza ipo.

“Mnahamisha moshi tu, umeme nao ni wa gesi.” Ungeniambia hivyo kabla ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha mwaka 2024, ningekusikiliza kidogo. Nchini Kenya, sehemu kubwa mno ya umeme hutokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Na mtambo wa mtoni kijijini hauna moshi wa kuhamisha.

“TANESCO ikifika mmekwisha.” Mwenga, kule Mufindi, mtambo wa megawati 4 unaouzia vijiji pia unaiuzia TANESCO tangu 2012. Huo ni wa kampuni binafsi, lakini kanuni za wazalishaji wadogo zinaruhusu wengine pia.

Ambacho wapinzani hawakitaji ni bei. Mwaka 2020 serikali iliagiza wenye gridi ndogo washushe bei hadi shilingi 100 kwa uniti, na waliokuwa na mikopo ya kulipa walibanwa kooni. Jumuiya inayouza taa peke yake haiwezi kuhimili agizo la namna hiyo. Inayouza betri 150 kila alfajiri ina mapato ya kujadiliana nayo, na vijana wa kijiweni wa kwenda nao EWURA, kwa mdhibiti wa bei za umeme.