Tulipomtafuta Dubu Msituni Kakamega

Binti yangu kitinda mimba ana mwanasesere wa dubu aliyenunuliwa mitumba Gikomba. Sikio moja limefumka na jicho limebakia moja. Likizo ya Desemba tulipofunga safari kwenda kwa nyanya yake, karibu na mji wa Kakamega, alimbeba kwapani kutoka Nairobi hadi tulipofika. Jioni ya kwanza tu nyanya yake akamwambia kwa uso mkavu: "Ukizubaa huko nje giza likiingia, mwenzake huyo atatoka msituni aje kumchukua."

Mtoto hakulala mapema. Mimi pia sikulala mapema, kwa sababu mwenye kuulizwa maswali nilikuwa mimi. Je, Kakamega kuna dubu? Na kama hayuko, kwa nini nyanya amesema yuko?

Msomaji mpenzi, nilidhani hilo ni swali la kujibiwa kwa neno moja. Dubu hayuko. Kusini mwa Sahara hakuna dubu wa porini hata mmoja. Zamani waliishi dubu katika milima ya Atlas, huko Moroko na Algeria, nao wakaisha katika karne ya 19. Afrika Kusini, mahali paitwapo Langebaanweg, yamechimbuliwa mabaki ya dubu mkubwa aliyeishi yapata miaka milioni 5 iliyopita. Basi. Lakini kadiri nilivyolifikiria swali la mtoto ndivyo nilivyoona kwamba yule mwanasesere na msitu ulioko nyuma ya boma la mama yangu vina uhusiano ambao sikuutarajia.

Tuanze na mwanasesere. Mnamo Novemba 1902, Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikwenda jimbo la Mississippi kuwinda dubu weusi. Mwongozaji wake alikuwa Holt Collier, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, ambaye katika vinamasi vile hapakuwa na mtu aliyemshinda kwa kumjua dubu. Collier na mbwa wake walimfukuza dubu mmoja hadi wakambana. Wakati huo Rais alikuwa amekwisha kurudi kambini kula chakula cha mchana. Dubu akaanza kuwaua mbwa. Collier hakutaka kumpiga risasi, maana mawindo yalikuwa ya mgeni, hivyo akampiga kichwani kwa kitako cha bunduki, akamtia kamba na kumfunga kwenye mti. Rais alipofika alikataa kumpiga risasi mnyama aliyefungwa, akisema huo si uwindaji. Akaagiza mnyama yule, ambaye alikuwa taabani, amalizwe kwa kisu.

Mchoraji vibonzo wa gazeti la Washington Post, Clifford Berryman, akachora kisa hicho. Mwenye duka mmoja wa Brooklyn, Morris Michtom, pamoja na mkewe, wakashona dubu wa kitambaa na kumpa jina la utani la Rais, yaani Teddy. Ndiye huyo mpaka leo, aliyefika hadi Gikomba. Angalia basi: aliyemfuatilia mnyama ni Collier, aliyehatarisha maisha ni Collier, na aliyepewa jina la mwanasesere ni mtu aliyekuwa kambini akila.

Uwindaji wa namna hiyo Marekani haujakoma. Katika jimbo la Maine, kila mwaka msimu hufunguliwa mwishoni mwa Agosti, na mgeni humlipa mwongozaji mwenye leseni. Mwongozaji huyo ndiye aliyetangulia kumwaga chambo porini, mikate na donati na vitu vingine vitamu, ili dubu azoee kufika pale pale. Mgeni hukaa juu ya mti akingoja. Mwaka 2014 wananchi wa Maine walipiga kura kuamua kama chambo, mbwa na mitego vipigwe marufuku, na wengi wakakataa marufuku hayo. Jimbo la Louisiana lilifungua msimu Desemba 2024, baada ya zaidi ya miaka 30 bila uwindaji wa dubu, kwa vibali vichache sana. Dubu wa Louisiana ni wa jamii ile ile ya dubu wa Collier, na hadi mwaka 2016 alikuwa katika orodha ya wanyama walio hatarini.

Sasa turudi kwetu. Roosevelt huyo huyo, alipotoka ikulu, alishuka Mombasa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19. Walikuwa na wapagazi zaidi ya 200 na tani 4 za chumvi za kuhifadhia ngozi. Waliongozwa na wawindaji wazungu waliokuwa wakifanya kazi hiyo kwa malipo, kama R.J. Cuninghame. Baba na mwana peke yao waliua wanyama 512, na mikusanyo yao ilipelekwa jumba la makumbusho la Smithsonian huko Washington. Ni nani hasa aliyeziona nyayo, akanusa upepo, akasema "simba yuko kichaka kile"? Hao majina yao ni machache katika vitabu.

Katika mwezi wa Novemba mwaka huo msafara ulikuwa uwanda wa Uasin Gishu. Hapo Wanandi walimwonyesha mgeni jinsi wao wanavyowinda simba. Walimzunguka kwa duara, ngao mbele na mikuki juu, bila bunduki. Simba alimjeruhi kijana mmoja kabla ya mikuki kumlaza. Roosevelt alikaa juu ya farasi akitazama, na baadaye akaandika habari hiyo kwa sifa nyingi. Ni vyema tukumbuke kwamba ilikuwa miaka 4 tu tangu Koitalel arap Samoei auawe na Waingereza, Oktoba 1905, na nchi ya Wanandi kutwaliwa. Waliokuwa wakionyesha ushujaa ule ni watu waliokwisha kunyang'anywa ardhi.

Na ni katika uwanda huo huo, na kwenye misitu inayoshuka kutoka milima ya Nandi kuja Kakamega, ambapo wazungu walianza kumwona dubu! Mwaka 1912 jarida la chama cha wapenda elimu ya viumbe wa Afrika Mashariki na Uganda lilichapisha taarifa ya Geoffrey Williams, aliyedai kumwona mnyama mkubwa mwenye manyoya, mabega yaliyoinuka na mwendo wa kuyumba. C.W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, akakusanya habari nyingine, zikiwemo za wahandisi wa reli ya Magadi. Wakamwita dubu wa Nandi. Wengine walimfananisha na Chemosit wa masimulizi ya Wanandi, ingawa Chemosit aliyeandikwa na A.C. Hollis mwaka 1909 si dubu hata kidogo. Ni jitu lenye mguu mmoja na matako tisa, na mdomo wake mwekundu hung'aa usiku kama taa. Nani atamkosea huyo akadhani ni dubu?

Mamia ya wawindaji walipita nchi ile wakiwa na bunduki nzuri kuliko zote za wakati huo. Hakuna aliyerudi na ngozi wala fuvu lililothibitishwa kuwa la dubu. Wataalamu wengi wanaona walichokiona watu wale ni fisi, au nyegere mzee, au muhanga aliyetoka shimoni usiku. Mimi naongeza kwamba mgeni akifika nchi asiyoijua, humwona mnyama wa kwao.

Uwindaji wa kulipia uliendelea Kenya hata baada ya uhuru, kwa leseni na kwa vitalu. Mwaka 1973 kuwinda tembo kulipigwa marufuku. Mei 1977 uwindaji wote wa burudani ukafungwa, na mwaka uliofuata biashara ya ngozi na pembe nayo ikafungwa. Chama cha wawindaji wa kulipwa, kilichoanzishwa mwaka 1934, kikavunjwa. Tanzania bado inaruhusu, na mwaka 2023 na 2024 kulikuwa na malalamiko makali pale tembo wenye pembe kubwa waliojulikana Amboseli walipopigwa risasi walipovuka mpaka.

Lakini tusijipige kifua mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanyamapori wa nyanda zetu za malisho walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu ule mwaka 1977. Bunduki ya mtalii ilinyamaza, ila ua la waya, shamba jipya, mifugo na mitego ya watu wenye njaa havikunyamaza. Na maskini anayekamatwa na paa mmoja huona ajabu akikumbuka kwamba wageni wale walipigiwa makofi kwa wanyama 512.

Basi asubuhi moja nikamchukua binti yangu hadi Isecheno, upande wa kusini wa msitu, unaosimamiwa na idara ya misitu. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985. Tulimkuta mwongozaji, kijana wa pale pale, ana darubini shingoni na viatu vya mpira. Saa 12 na nusu tulikuwa tumekwisha kuingia. Mimi nilikuwa nikiona majani. Yeye alikuwa akiona kima, mbega, na ndege mkubwa wa buluu mwenye ushungi, mnene kama jogoo, ambaye nilimwona tu baada ya kuonyeshwa mara ya tatu. Alipiga mluzi, na ndege tusiyemwona akamjibu. Alituonyesha mti wa Prunus africana uliobanduliwa gamba mpaka ukakauka, kwa vile gamba hilo hutakiwa kwa dawa ya tezi ya wanaume. Alituonyesha pia mashimo ya waliochimba mukombero, ule mzizi unaouzwa kwa abiria kwenye stendi za basi, ambao wanaume huununua huku wakicheka na kutazama pembeni.

Aliniambia kwamba alipokuwa mvulana alitega ndege kwa ulimbo. Kila anachokijua leo alikijua kwanza kwa sababu ya njaa ya kitoweo. Tembo na nyati wa msitu huu aliwasikia kwa wazee tu, maana walikwisha zamani. Nikamuuliza kama kazi inalipa. Akasema miezi ya wageni inalipa. Miezi mingine hukaa langoni hadi saa 10 jioni na kurudi mikono mitupu, na wenzake aliosoma nao, walio na misumeno na magunia ya makaa, humcheka njiani. Hakulisema hilo kwa kulalamika. Nililipa alichotaja na kuongeza kidogo, kisha nikaona aibu kwamba nilikuwa nimenuia kupatana bei.

Tulipokaribia kutoka, binti yangu, aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, akamvuta shati.

"Anko, wewe umeshawahi kumwona dubu humu?"

Kijana akachuchumaa, akamtazama yule mwanasesere wa jicho moja kwa makini, kama anayelinganisha.

"Sijamwona, mama. Nimetembea msitu huu wote."

"Kwa hiyo hayuko?"

"Hayuko." Akasimama, akapangusa matope magotini, kisha akainama tena na kunong'ona, ingawa nilimsikia: "Lakini nikirudi nyumbani usiku peke yangu, pale kwenye miti mikubwa, huwa naimba kwa sauti."