Michongoma imelindwa, watu je?

Wadau, kuna kitongoji kimoja kaskazini mwa London ambacho kinanivutia na kunikera kwa wakati mmoja. Kinaitwa Hampstead Garden Suburb. Wapenzi wa mipango miji watakwambia ni miongoni mwa vitongoji vizuri kabisa kuwahi kujengwa Uingereza. Kwa uzuri sibishi. Ninachobisha ni huko kusema kwamba kilifanikiwa.

Mwanzilishi wake, Henrietta Barnett, alikuwa mke wa kasisi. Aliishi miaka mingi Whitechapel, mashariki mwa London, katikati ya maskini wa kutupwa. Aliposikia treni ya chini ya ardhi inakuja Golders Green (ilifika mwaka 1907), akajua mashamba ya jirani na Hampstead Heath yatajazwa nyumba za kubanana. Mama akapambana! Ekari 80 zikaokolewa zibaki uwanja wa wazi kwa wote. Nyingine 243 zikanunuliwa kutoka Eton College, ndiyo, ileile shule ya watoto wa wakubwa, ili pajengwe kitongoji cha ndoto yake.

Na ndoto yenyewe haikuwa maua. Alitaka watu wa vipato vyote waishi pamoja: fundi, karani, tajiri, mzee asiye na nguvu. Mwaka 1909 likafunguliwa hata jengo la wanawake wafanyakazi wasioolewa, Waterlow Court. Kodi ya baadhi ya nyumba ikawekwa chini makusudi. Raymond Unwin akachora ramani, na sheria maalumu ya Bunge ya mwaka 1906 ikazuia kuzidisha wastani wa nyumba nane kwa ekari. Kati ya nyumba na nyumba ni ua wa michongoma, siyo ukuta. Kengele za kanisa zisipige kelele. Baa hakuna (najua hapo wengine mmeshaghairi kuhamia).

Sasa tazama ramani ile ya mwanzo. Vijumba vya mafundi viliwekwa upande wa kaskazini, majumba ya wenye nazo yakapewa upande wa kusini, unaotazama Heath. Kitongoji kimoja, ndiyo, lakini kila mtu na kona yake.

Halafu ikaja sheria ya mwaka 1967 iliyowapa wapangaji wa mikataba mirefu haki ya kununua ardhi chini ya nyumba zao. Watu wakashtuka kwamba sura ya mahali itaharibika, ukawekwa utaratibu wa kuilinda. Mpaka leo, ukitaka kubadilisha madirisha au kung'oa michongoma yako, lazima uombe kibali. Lakini kuuza kijumba cha fundi kwa mwanasheria au mtu wa benki? Huko ni soko tu, na bei zake fundi wa leo hazisogelei.

Najua kuna atakayesema soko ni soko, Henrietta angefanya nini? Sikubali. Kama mti unaweza kulindwa kwa karatasi kwa zaidi ya miaka hamsini, kodi nafuu nayo ingeweza kuandikiwa karatasi yake. Hakuna aliyeona haja. Waliohangaika na dirisha ni wale ambao tayari wana nyumba, na fundi aliyehama hakuachiwa hata fomu ya kujaza.