WAGENI WA MTO KAYA

Miezi ya Septemba na Oktoba huko Ulaya majani hupukutika na baridi hubisha hodi. Huku Kuluba, wilayani Koboko, mambo ni kinyume: mvua ingali ikinyesha, nyasi zimesimama, na wadudu ni tele. Kwa sababu hiyo ndege wa huko hufunga safari kuja kwetu. Mzazi aliyepata siku moja ya mapumziko hahitaji fedha kuwaonyesha watoto ajabu hiyo. Awachukue asubuhi, wakatembee kando ya Mto Kaya, mpakani na Sudani Kusini.

Ondokeni mapema, jua liwe mgongoni, na maneno yawe machache. Mbayuwayu utamtambua kwa mkia wake wa panda na koo lenye rangi ya kutu. Hupita karibu na maji akinasa nzi na mbu. Keremkerem hutua tawini na nyuki mdomoni, akamsugua mpaka mwiba utoke, ndipo ammeze. Juu kabisa, korongo weupe huzunguka bila kupiga mbawa, wakibebwa na hewa ya joto ipandayo. Hewa hiyo ni haba juu ya bahari; basi wengi wao huizunguka kwa kupita Uturuki, Sinai na bonde la Nile.

Zamani wataalamu wa Ulaya walibishana kuhusu mahali ndege hao waendako. Mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mshale wa Kiafrika shingoni. Alikuwa amechomwa Afrika, akaruka nao mpaka kwao. Mbayuwayu naye alivishwa pete mguuni huko Uingereza Mei 1911, akakamatwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Ndege wa gramu 20 hivi alikuwa amevuka bara zima!

Basi kijana ainuapo manati kando ya mto, yafaa ajue amlengaye ni nani. Korongo hula panzi waharibuo mimea yetu. Tena, familia ya askari aliyepelekwa kazini mbali yajua maana ya kungoja arejee. Ndege huyu naye ana kiota ambacho hukirudia majira ya Machi na Aprili.

Yako mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, watoto wasikaribie ukingo, kwani mto uliojaa huchimba udongo chini kwa chini. Pili, darubini mpakani huzusha maswali. Mwarifuni kwanza mwenyekiti wa kijiji na kituo cha ulinzi kilicho karibu. Nanyi mlio zamuni, mkimkuta mwalimu na wanafunzi wakitazama angani, waulizeni kwa upole. Tatu, mkimwona ndege aliyekufa mwenye pete, msimguse kwa mikono mitupu. Nakilini herufi na tarakimu zilizoandikwa, mkazipeleke kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda.

Mrudipo nyumbani, mpeni mtoto daftari aandike tarehe aliyomwona mbayuwayu wa kwanza. Mwakani ataandika nyingine chini yake, na hapo atakuwa ameanza elimu isiyohitaji ada.